Mate ya Baba Yalipokataa

Kwetu, watu wa kaskazini, mzazi humbariki mtoto anayesafiri kwa kumtemea mate kidogo kiganjani. Baba yangu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa ameninyima. Nilikuwa nimepata kazi katika maabara ya mpakani, kupima wagonjwa wa homa mbaya, naye akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kambini: "Ukienda huko, mimi si baba yako tena." Mimi nami mdomo sina breki. Nikamjibu kwamba hata hivyo sikumbuki lini aliwahi kuwa baba yangu. Loo, nilijuta kabla sijafunga mlango.

Asubuhi yake nikabeba begi, nikateremka hadi steji ya magari ya Nateete bila kuaga. Gari lilikuwa karibu kujaa nilipomwona anakuja mbio, mzee wa miaka sabini, kandambili mkononi, vumbi mpaka magotini. Alisimama mbele yangu akihema, akashika kiganja changu, akajikusanya, akatema. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Ukatoka utando mwembamba wa povu, ukamganda mdomoni.

"Bambi, maskini mzee, kaa kwanza," akasema mama muuza ndizi, akimsogezea kigoda na chupa ya maji. Baba akaisukuma chupa. Kwake, mate yaliyochanganyika na maji ya dukani si mate yake.

"Imekataa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Ni ile maneno nilikuambia. Imekausha mdomo yangu. Baraka imekataa kutoka."

Sikuwahi kumwona baba akiogopa. Hasira zote zikaniishia, nikamwonea huruma. Nikachuchumaa, nikamweleza ninachokijua, maana kabla ya kupata kazi hii, mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kukinga mate ya wakimbiaji kwenye vichupa kwa ajili ya utafiti, kabla ya mazoezi na baada yake. Mtu akikimbia sana, nikamwambia, maji ya mate hupungua. Yanayobaki huwa mazito, yenye protini na chumvi nyingi kuliko ya mtu aliyetulia.

"Hilo povu lako, mzee, ndiyo mate yenyewe. Maji tu ndiyo yamepungua."

"Hata hao vijana wa mbio?"

"Wote."

"Kwa hiyo si ile maneno?"

"Si maneno, baba. Ni mbio."

Akalifuta lile povu kwa kidole gumba, akanipaka kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. "Nenda, urudi," akasema, akaanza kulia pale pale mbele za watu, mzee mzima wa jeshi. Kondakta akaniita.

Sikumwambia yote. Woga na hasira navyo hukausha kinywa. Nami nilikuwa na samahani yangu ya kumwomba, na ulimi ukagoma. Gari likaondoka nikiwa na kinywa kikavu kabisa, na sikuwa nimekimbia hata hatua moja.