Rangi ya Simiti kwa Patio ya Satellite

Mimi si mtu wa kunyamaza. Waulize majirani zangu wa Soweto West. Lakini kuna mama mmoja aliyenifunga mdomo, na hadi leo nikikumbuka naskia hasira.

Kila asubuhi nilikuwa nasimama kwenye kona na mafundi wenzangu, tukingoja mjengo wa siku moja. Mama huyo, mwenye ploti nne za kupangisha kule Riruta Satellite, akaja kunichukua nimzibie nafasi kati ya slabu za patio yake. Ati patio! Ni pale nyuma anapoanika nguo. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja Jumamosi, na simiti ya zamani imebanduka. "Ukinifanyia kazi safi, ploti zangu zote ni zako," akaniambia. "Sitaita fundi mwingine." Yawa! Nilishaanza kuiaga ile kona.

Alitaka simiti ifanane na slabu, nyekundu ile ile, mgeni asione kiungo. Nikakoroga na oksaidi, ile poda ya rangi, kidogo kidogo, nikapaka vipimo vitatu vya kujaribu.

"Mama, tungoje siku mbili ikauke. Rangi hupauka."

"Siku mbili tutatoa wapi? Ploti nne nimechagua rangi mwenyewe. Wewe ndiye utanifundisha?"

Akachagua kipimo kikiwa bado kibichi, akikilinganisha na slabu alizokuwa amepiga deki asubuhi hiyo. Vyote vimelowa, vinafanana kama mapacha. Nilijua tunaenda kuaibika. Lakini niliitaka hiyo kazi, basi nikashika mwiko.

Jumamosi jua likawaka kweli. Slabu zilibaki nyekundu, na kati yake mistari imepauka kabisa, kama daftari la hesabu. Nilikuwa nimeitwa kubeba viti. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee wa wakwe akainama, akatazama. "Hii design ni kali! Nani amewafanyia hizi laini?"

Mama akanitazama machoni, nikiwa na viti vinne mikononi. "Mkandarasi wa kutoka ng'ambo," akasema. "Ilibidi tumngoje sana."

Tumngoje! Aki huyu mama! Nikapanga viti.

Jumatatu akanipa kazi ya ploti zote nne, mistari hiyo hiyo kila mahali. Sharti moja tu: mtu akiuliza, mimi ni wa kumwagilia maua.

"Sawa, mama," nikasema, tena haraka. Na hata maua hana.