Ukurasa wa Themanini na Nane

Nina aibu, na sitapindisha maneno. Mimi ni Tekla, mwalimu mstaafu, naishi Kimara, na mtaani kwangu hata watu wazima wenye mvi huniamkia shikamoo wakiwa bado mbali. Wakijua nililomfanyia Bi Wahiba, sijui kama wataendelea.

Bi Wahiba ni mama yake Hilal, yule mwenye duka la vitambaa. Ana miaka themanini na ushei, na macho yamekwisha kabisa. Marehemu baba yake naye alikuwa mtu wa duka, na aliandika kitabu cha maisha yake kikachapwa kabla ya uhuru. Kwa tujuavyo ilibaki nakala moja tu, ndani ya sanduku la Bi Wahiba. Hakimiliki yake ilishaisha muda, ndipo Sekela, mkutubi wa Goba anayeweka vitabu vya zamani mtandaoni bure, akakubali kukitengeneza ili simu iweze kukisoma kwa sauti. Akanitafuta mie nikisahihishe.

Bi Wahiba aliniita kwake, akanishika mkono.

"Mwalimu, mie sina haja na kitabu kizima. Humo mna ukurasa baba alimwandika mama yangu. Mama kafariki nina miaka mitatu, sina picha yake, sina chochote. Kaka yangu alinisomea mara moja nikiwa msichana, maneno yote yamenitoka. Hilal nikimwambia anisomee, kesho, kesho, ana duka. Nataka niusikie kabla sijaondoka."

"Utausikia, Bi Wahiba. Niachie mie."

Mdomo huu!

Hilal alikipiga kitabu picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, na mashine ya Sekela ikazigeuza picha kuwa maandishi. Kazi yangu ilikuwa kwenye kompyuta. Kushoto unaona picha, kulia maandishi, unalinganisha mstari kwa mstari. Halafu unatia alama za kuiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha sura, hapa aya inaanza, huu ni ubeti wa shairi. Ukiridhika unabonyeza kitufe, ukurasa unapata vema ya kijani. Kwa kawaida kila ukurasa husomwa na watu wawili, lakini Sekela aliposikia nimefundisha miaka thelathini na nne alisema, "Kwa Mwalimu Tekla, wa pili wa nini?"

Sasa niseme ukweli. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwa na darasa la watoto mia moja na arobaini anaijua ile hali. Madaftari yamejaa meza, kengele inakaribia kugongwa, unatazama mstari wa kwanza, unatazama wa mwisho, unapiga vema. Husomi. Ungesoma saa ngapi? Nilifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na wapo watoto waliofika darasa la saba hawajui kusoma, huku madaftari yao yamejaa vema zangu. Hilo nalo nilikuwa sijawahi kulisema.

Basi kitabu cha watu nikakifanya daftari la darasa la nne. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, siku tisa! Vichwa vya sura nilivitia alama safi kabisa, maana hivyo vinaonekana. Huko ndani ilikuwa vema, vema, vema. Sekela akaniandikia, "Mwalimu, una kasi ya ajabu." Nami, bila haya, Jumamosi nikausoma ujumbe ule mbele ya wanajumuiya wenzangu wa kanisani, na jirani yangu Apolonia akanipigia vigelegele.

Hiyo ilikuwa Februari. Aprili masika yakachachamaa, maji yakaingia kwenye nyumba za bondeni, na sanduku la Bi Wahiba likakaa majini siku mbili. Kitabu kilitoka uji mtupu. Nilikwenda kumpa pole, nikasema kwa kujiamini, "Usihuzunike, chote kimo kwenye kompyuta."

Mei tukakusanyika kumsikilizisha. Hilal alifunga duka, akaleta kahawa na halua. Bi Wahiba alivaa kanga mpya, amejifukiza udi kama anayekwenda harusini. Sekela akaweka simu mapajani mwake. Simu ikasoma vizuri, sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika sura ya sita ikaeleza mzigo wa nguo za kaniki ulivyolowa njiani. Ilipomaliza, ikaeleza tena. Kaniki zile zile, neno kwa neno. Kisha ikaruka hadi nusu ya sentensi: "nami sikufungua duka siku arobaini."

Loo! Nilijua papo hapo. Hilal alikuwa amepiga ukurasa mmoja mara mbili, na uliofuata hakuupiga. Namba ziko juu ya kila picha: themanini na saba, themanini na saba tena, themanini na tisa. Ningezitazama tu, Februari, kitabu kikiwa kizima sandukuni, tungekwenda tukaupiga ukurasa ule kwa dakika moja.

Na je, nilisema? Sikusema. Nilikunywa kahawa. Nilikaa saa mbili nzima simu ikisoma hadi mwisho, najiambia labda mama yake yumo mbele huko. Hakuwemo.

"Mbona sijamsikia mama?" Bi Wahiba akauliza. Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Basi kaka yangu alijitungia tu, anibembeleze. Baba hakumwandika."

Hakuna aliyekuwa amegundua kitu. Sekela alidhani ni hitilafu ya simu. Kitabu kimeshaoza, ningenyamaza ningeheshimika hadi kaburini.

"Alimwandika," nikasema. "Mie ndiye niliyeupoteza ukurasa wake. Nilitia vema bila kusoma."

Nikaeleza yote. Hilal akasimama. "Mwalimu! Mama yangu alikuamini!"

"Kaa, Hilal," mama yake akasema. Akanigeuzia uso. "Una hakika alimwandika?"

"Nina hakika. Ukurasa ulikuwepo, na unaofuata umeanza na mwisho wa habari yake. Kwamba hakufungua duka siku arobaini."

"Siku arobaini? Baba? Yule aliyefungua duka hata siku ya harusi yake?" Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. Kunisamehe hakunisamehe. Nami sikupata mdomo wa kuomba.

Sekela alitaka tuandike tu kwamba ukurasa haupo. Nilikataa. Niliandika taarifa mwenyewe, nikaitia alama ya aya ili simu isiiruke: "Ukurasa wa themanini na nane haupo. Msahihishaji, Mwalimu Tekla, alitia vema bila kusoma."

Bi Wahiba huitaka sura hiyo kila asubuhi baada ya swala. Nikienda sokoni napita chini ya dirisha lake, nasikia kaniki zikilowa, nasikia jina langu, kisha siku arobaini. Halafu namsikia akisema, "Irudie."