Ataje Kosa Lake

Fundi yule alikuwa amewashonea wanakwaya kwa miaka kumi na tisa, na hapakuwa na bega la mwimbaji ambalo hakulijua kipimo chake. Ndiyo maana aliona mapema kwamba binti wa dada yake anakonda. Siku ya kujaribu gauni, pini zikiwa bado mdomoni, alimuuliza kulikoni.

Binti alijibu akitazama sakafu. "Mama mdogo, Mchungaji akiniita ofisini kwa maombi, hufunga mlango kwa ufunguo."

Fundi alizitema pini. Jumapili ile ile, katika kikao cha akina mama, alisema neno moja tu: mlango wa ofisi uwe wazi mtoto wa kike akiwa ndani. Jumatano akaletewa barua. Ametengwa kwa uchochezi. Kushonea kwaya basi, meza ya Bwana basi, na ibadani akae benchi la nyuma kabisa, karibu na mifagio.

"Sikujua kama mifagio nayo ina dhambi," aliwaambia wateja wake, wakacheka.

Alivumilia miezi mitano. Maji yalizidi unga pale mama yake, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na daktari keshasema arudishwe nyumbani, alipoomba ashiriki meza ya Bwana kabla hajafumba macho.

Mchungaji alimsikiliza fundi ofisini bila kumkaribisha kiti.

"Mama yako ni mama yangu pia," alisema kwa upole. "Lakini nyumba ya mtu aliyetengwa siikanyagi. Jumapili simama mbele, usome hii. Mchana nitakuja mwenyewe na kikombe."

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: Nimelikosea kanisa na mchungaji wake, naomba msamaha.

"Na yule binti?"

"Binti yupi?" aliuliza Mchungaji, akamfungulia mlango atoke.

Jumapili fundi alisimama mbele, akasoma. Mchungaji alikuwa ameshawageukia waumini awaulize kama wanamsamehe, mara kikohozi kikasikika benchi la mbele. Alikuwa mzee wa kanisa waliyemwita Mzee Utaratibu, aliyewahi kusimamisha harusi kwa sababu bwana harusi aliingilia mlango wa pembeni.

"Samahani, Mchungaji. Anayetubu hutaja kosa lake. Tutasamehe vipi tusilolijua?"

"Si lazima leo, mzee."

"Ni lazima siku zote. Hata mimi mwaka ule wa pombe nilitaja." Watu wakacheka chini chini. "Utaratibu ni utaratibu. Ataje kosa lake."

Fundi alimwona akilini mama yake kitandani, midomo imemkauka. Akisema, kikombe hakiji. Kisha akatazama kwaya. Gauni alilolishona kwa mikono yake lilikuwa linampwaya yule binti mabegani.

"Nilisema ofisi ya Mchungaji isifungwe kwa ufunguo mtoto wa kike akiwa ndani," alisema. "Hilo ndilo kosa langu."

Akaikunja ile karatasi mara mbili.

"Je, tunamsamehe?" Mchungaji aliuliza.

Siku zote kanisa zima hujibu kwa pamoja. Leo hakujibu mtu. Mama mmoja aliinuka, akaenda kwenye kwaya, akamshika bintiye mkono, wakatoka nje. Akafuata mwingine. Kisha mwingine.

Mchana Mchungaji hakuja. Saa tisa ikapigwa hodi: Mzee Utaratibu, na mkate na kikombe vimefunikwa kitambaa cheupe.

"Mgonjwa akizidiwa, mzee wa kanisa anaruhusiwa," alisema kabla hajaulizwa. "Imeandikwa."

Bibi mgonjwa, aliyekwisha kusimuliwa yote ya asubuhi, aliupokea mkate, lakini hakuupeleka mdomoni. Aliushika tu kiganjani.

"Wewe si ndiye unayeshika funguo za kanisa?"

"Ndiyo, dada."

"Na hukujua?"

Mzee alitazama viatu vyake. Fundi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kitanda, akasogea karibu.

"Nilikuta mlango umefungwa," alisema mzee. "Si mara moja. Nikajiambia si utaratibu kumhoji mchungaji."

"Haya, na wewe umetaja. Ila hapa si mahali pake. Kesho asubuhi utakwenda kutaja polisi."

"Nitakwenda."

"Mwanangu atakusindikiza, usije ukapotea njia."

Ndipo alipoutia mkate mdomoni, akautafuna polepole, macho hajayabandua kwa mzee.