Alikuwa Mrefu Hivi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uhuishaji wa katuni, Meneja wa Uzalishaji alinikalisha mbele ya kompyuta, akanishikisha kipanya, akasema, "Sahau penseli, dada Modesta. Huku tunachora watu wanaotembea." Nilikuwa nimechora mabango ya chama cha ushirika kwa miaka kumi na moja, pamba na dawa ya wadudu, mpaka ushirika ulipopunguza wafanyakazi na kuanza na sisi wachoraji. Ilikuwa miaka ya tisini. Televisheni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na kila mwenye sabuni alitaka tangazo. Kampuni iliyonichukua ilikuwa na vyumba vitatu mtaa wa Igogo, karibu na ziwa, juu ya duka la nyavu.

Watu hudhani kazi ile huanza na picha. Huanza na sauti. Maneno hurekodiwa kwanza, kisha unaketi na karatasi ya sauti, yaani jedwali ambalo kila mstari wake ni picha moja, na picha ishirini na tano hufanya sekunde. Unasikiliza neno, unalirudisha, unaandika kila silabi imeangukia mstari upi. Baada ya hapo ndipo unaushughulikia mwili. Mdomo ni rahisi. Ugumu uko begani, shingoni, mkononi, kwa sababu mwili wa mtu hutangulia neno lake. Anayetaka kusema hapana ameshaisema kwa kidevu kabla hajafungua kinywa. Ukiuchelewesha mkono kwa picha nne tu, mtazamaji hatajua umekosea wapi, lakini atajua kwamba yule anayesema ni mwongo.

Hayo nilijifunza mwenyewe, kwa kuwatazama watu sokoni. Meneja alikuwa amesomea nje, na kwake mwili ulikuwa wa kuchangamsha macho tu.

Kazi ninayotaka kuisema ilikuwa filamu fupi kuhusu kipindupindu, iliyolipiwa na wafadhili, ya kuonyeshwa kwenye mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushushia samaki. Mhusika wetu aliitwa Mama Usafi. Sauti tulipewa na Mama Nyamizi, mkaanga samaki aliyekuwa jirani na ofisi. Mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza binti yake, Nyamizi, kwa ugonjwa huo huo. Hakusoma maandishi ya mtu. Alisimama mbele ya kipaza sauti akaeleza jinsi walivyoteka maji ziwani, jinsi kuni zilivyokuwa mbichi siku ile, jinsi alivyosema leo tunywe hivi hivi. Katikati akasema, "Mwanangu alikuwa mrefu hivi." Akanyamaza. Kisha akaendelea.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine ya kurekodi. Macho yangu yalikuwa kwenye sindano ya kupimia sauti.

Nilipofika kwenye mstari wa neno lile, nilikwama. Neno "hivi" bila mkono si kitu. Nikamfuata Meneja.

"Kiganja chini," akasema, akikishusha chake kukielekeza sakafuni. "Na asitulie kama nguzo. Apandishe mikono, aizungushe."

"Bosi, kiganja chini tunapimia mbuzi. Mtu hapimwi hivyo kwetu. Na huyu mama anaeleza msiba."

"Mwanakijiji hawezi kumtazama mtu aliyetulia. Atatoka nje. Wewe chora."

Nikachora. Naomba mlielewe hilo, ninyi mnaosoma. Mkono uliomfanya Mama Usafi apunge kama mtu anayefukuza ndege mpungani ulikuwa mkono wangu, na nilijua nilichokuwa nikifanya.

Onyesho la kwanza lilifanyika mchana, katika darasa la shule karibu na mwalo, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mama Nyamizi alialikwa. Alivaa kitenge chake kizuri, akaketi benchi la mbele. Sauti yake ilianza, nzito na ya taratibu, na juu yake yule mwanamke wa kompyuta akawa anarusha mikono. Watu wakaanza kuguna. Ilipofika "mwanangu alikuwa mrefu hivi," kiganja kikashuka, na mvuvi mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe mbuzi!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mama Nyamizi aliinuka, akatoka. Nikamkimbilia uani.

"Modesta," akasema, "mimi nilikupa sauti yangu. Yule anayeruka nayo ni nani?"

Nikarudi ofisini. Nilipomweleza Meneja, alitabasamu. "Wamecheka, maana yake wameipenda."

"Wamemcheka marehemu!"

"Usiniletee mambo ya kienyeji kazini."

Wiki ile ile alisafiri kwenda Dar es Salaam. Nikaenda kwa Mama Nyamizi, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Aliendelea kugeuza samaki. Nikamwuliza: siku ile, aliposema hivi, mkono wake alikuwa ameuweka wapi?

"Unauliza leo?"

"Ndiyo, mama. Nimechelewa."

Akaifuta mikono. Hakuunyoosha mkono mbele. Aliuleta kwake, akaugusisha ubavu wa kiganja chini ya mtulinga, ule mfupa utokao shingoni hadi begani, pale ambapo kichwa cha mtoto aliyesimama karibu sana na mama yake kingefika. "Hapa," akasema. "Alikuwa ananifikia hapa." Akaushikilia pale muda mrefu. Ndivyo alivyokuwa amefanya mbele ya kipaza sauti, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimekaa.

Niliifanya upya filamu yote. Nilimwacha Mama Usafi atulie, mikono chini, na mkono mmoja tu uinuke mara moja, ukitangulia neno kidogo. Mkurugenzi, mwenye kampuni, mtu mpole aliyewahi kuongoza shirika la umma, aliitazama mara mbili.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Lakini kanda zimeshagawiwa, Modesta. Wafadhili wameshaipokea ile."

"Tuzirudishe."

"Tutaonekana hatujui kazi."

Basi ile ya mbuzi ikaendelea kuzunguka mialo kwa miaka. Mama Nyamizi aliitazama yangu mara moja, ofisini, amesimama. Akasema, "Huyu ni mimi," akarudi kwenye samaki wake.

Nilibaki katika kazi hiyo, kampuni hii na ile, hadi nikastaafu. Sasa vijana wananionyesha miondoko waliyoinunua ikiwa tayari, mikono inayofaa maneno yote. Nawauliza kama wamemtazama aliyesema. Wananitazama kama mshamba.

Kwenye sherehe ya kuniaga, yule Meneja, sasa mzee mwenye mkongojo, alialikwa kuzungumza. Akasema Mama Usafi ndiyo kazi tuliyojivunia kuliko zote. Watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaeleza habari yote kama nilivyoieleza hapa, kwa majina, mbele yake.  Yeye akainamisha kichwa.

Baadaye wenzangu walinilaumu. Walisema yule ni mtu mzima, ningemsitiri mbele za watu. Niliwauliza ni nani aliyemsitiri Mama Nyamizi kwenye lile benchi la mbele. Wakaendelea kula.