Chuma cha Juu ya Sufuria ya Maharage

Émérance, muuza maharage wa Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi, alikuwa na ufundi mmoja aliokuja nao kutoka Burundi: juu ya kifuniko cha sufuria aliweka kitu kizito, mvuke usitoroke, maharage yaive kwa mkaa kidogo. Miaka yote alitumia jiwe. Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya Matawi, mumewe Venuste, mwokota vyuma chakavu, alirudi kutoka Ruti, nje kidogo ya mji wa Mbarara, na kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kopo la nyanya, lakini kizito ajabu. Jiwe likatupwa.

Aliyeketi kando ya moto kutwa nzima ni binti yao Alida, mimba ya miezi mitano, akipepea mkaa na kuchambua maharage.

Pasaka ikapita. Asubuhi moja gari jeupe likaingia kijijini mwendo wa kobe, mtambo umefungwa nyuma. Likapita nyumba ya Émérance, likasimama, likarudi kinyumenyume, likapita tena. Watoto walioliandama walicheka. Émérance aliacha kukoroga sufuria. Wanatafuta vyuma vya wizi, alijiambia. Na mkimbizi akishikwa, nani atamtetea? Akakifunga kile chuma kwa kitenge, akakisukuma chini ya kitanda ambako Alida alikuwa amejilaza.

Ofisa mmoja akashuka na kifaa mkononi kilichodatadata kama mahindi yanayokaangwa. Akakizungusha penye jiko, sauti ikapungua. Akageukia mlango, ikapanda. Hatua kwa hatua akaelekea chumbani, na mwisho ule mdato ukawa mlio mmoja usiokatika.

"Huyu msichana atoke," alisema, akirudi nyuma yeye mwenyewe. "Sasa hivi."

Pamoja naye alikuwa Nathalie, mkalimani Mkongomani. "Mama, habatafute mwizi," alisema taratibu. "Kile kintu kilipotea ku kazi ya barabara. Kiko na mionzi. Haionekane, hainuke, lakini inachoma muntu mu mwili. Kiko fasi gani?"

Émérance alinyoosha kidole chini ya kitanda. Wakakitoa kwa koleo refu, kingali ndani ya kitenge, wakakifungia ndani ya sanduku zito, kisha wakaipakia familia nzima kwenye gari la pili hadi hospitali, Mbarara.

"Mama, hii chuma imekaa kwa nyumba siku ngapi?" daktari aliuliza.

Mlangoni palisimama askari. Émérance alimtazama Venuste, ambaye jasho lilikuwa limemlowesha shingo.

"Ni jana tu, dogiteri. Alikiokota njiani."

Daktari akaandika, mabega yakamlegea. "Kama ni jana, si mbaya sana. Tunapima damu, jioni mnarudi nyumbani."

Alida akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mama nawe, unaogopaga hata kivuli. Mimi nilishaanza kufikiri huku kutapika kwa juma zima ni kile chuma cha sufuria. Kumbe walichotoa ni kingine, cha jana. Huku kutapika ni mtoto tu."

Émérance aliutazama mguu wa binti yake, ule wa upande wa jiko. Ngozi ya muundi ilikuwa nyekundu. Juzi walikuwa wameipaka mafuta, wakisema ni moto wa mkaa.

"Dogiteri, futa."

"Mama Alida," Venuste alinong'ona, "watanifunga."

"Wakufunge, baba Alida. Nitakuletea maharage gerezani." Akamgeukia daktari. "Dogiteri, si jana. Ni tangu Ijumaa ya kabla ya Matawi. Kutwa kilikuwa juu ya sufuria, na mtoto wangu ameketi hivi." Akasogeza kiti chake hadi magoti yakagusa meza.

Daktari aliikunja karatasi ya kwanza, akachukua nyingine, akampa askari ishara aite muuguzi.

"Tuanze ile Ijumaa," alisema. "Aliketi saa ngapi, alitoka saa ngapi. Usiogope, sema yote."

Émérance akaanza kueleza, siku baada ya siku. Alida alikuwa ameacha kucheka, mikono yote miwili ikiwa juu ya tumbo.