Mahindi ya Liévin

Scholastique alipokimbia kijiji chao karibu na Bambu, wenzake walibeba godoro na sufuria. Yeye alibeba mahindi kumi na mawili, yamefungwa pamoja kwa maganda yake. Bwana yake Liévin ndiye aliyeyachagua kuwa mbegu, juma moja kabla hajauawa. Njiani watu walimcheka. Waache wacheke, godoro halipandwi.

Alipofika Bunia, akapanga chumba kimoja mtaa wa Mudzipela. Akayaning'iniza juu ya jiko, kama mama yake na bibi yake walivyofanya. Hapo mbegu hungoja mvua bila shida. Hata mutoto mudogo wa kwao anajua.

Mwezi wa pili, yeye na bamama wengine saba wakimbizi wakaazimwa kipande cha shamba upande wa Saio. Wakaapa: foleni ya mbegu za msaada, hawapangi tena.

"Tutapanda yetu, tutachagua yetu, mwaka kesho siye ndio tutagawia wengine," akasema Huguette, mkubwa wao, mdomo wake wembe mtupu. "Nani iko na mbegu?"

"Mimi iko nayo. Ya Liévin."

"Weye! Kila siku Liévin, Liévin. Basi tumupande, tuone kama ataota!"

Wakacheka wote. Scholastique naye akacheka, mara ya kwanza tangu afike Bunia.

Mvua ikaanguka. Asubuhi ya kupanda wakaja kwake na majembe. Akashusha hindi la kwanza, akafungua ganda: unga ukamwagika mikononi. La pili vilevile. Mpaka la kumi na mbili, wadudu wamekula moyo wa kila punje.

Huguette akapitisha kidole kwenye mabati juu ya jiko. Kikatoka safi.

"Mama Scholas, unapika na nini hapa?"

"Makala."

Basi, wote wakaelewa. Kwao walipika na kuni, na moshi ndio uliofukuza wadudu miaka yote. Makala, makaa haya ya mjini, hayana moshi.

"Niliyatazama kila siku," Scholastique akasema. "Kila siku."

Juma lile wakapanga foleni, wote wanane. Mbegu ya msaada ikaota vizuri. Scholastique hana la kulaumu. Lakini magunzi ya mahindi ya Liévin aliyarudisha juu ya jiko.

Jioni moja Huguette akaleta kuni tatu, akaziweka mlangoni, akaenda zake. Huguette yule aliyemcheka Liévin!

Scholastique akaziwasha. Moshi ukapanda polepole mpaka kwenye magunzi matupu.