Bibi kaulizwa achague mgahawa wa Kichina, kauliza una milango mingapi

Wakuu, habari za humu. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana sidhani kama kuna wa kunizidi umri jukwaani. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa mtanivumilia.

Ninayosimulia yamenipata mimi. Umri huu uongo unachosha, inabidi uukumbuke.

Nimeona uzi wa kijana anauliza aingie mgahawa gani wa Kichina kwenye ule mtaa wa Dar uliojaa migahawa. Mmemjibu kwa review, parking na AC, mpaka wengine mmegombana kwa sababu ya tambi.

Sasa Jumapili mwanangu alitupeleka mtaa huohuo, mimi na mzee wangu. Tukapita wa kwanza, wa pili, wa tatu, taa nyekundu kila mahali. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akaniambia, "Mama, leo chagua wewe."

Nikauliza, "Upi una milango miwili?"

Walicheka mpaka mlinzi akageuka. Nami nikacheka, ila sikuwa natania. Sikilizeni.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Mimi ni Mndali wa Ileje, milimani huko upande wa Mbebe. Nilikuwa nimeolewa karibuni na mume alikuwa amerudi migodini mwezi mmoja tu nyuma, ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Akatuma salamu kwa mtu aliyerudi likizo: mke wangu aje, nimepata nyumba.

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuiandika. Shida ikawa nani anipeleke Tunduma kupanda lori. Shemeji zangu wote walikuwa migodini pia, na mama mkwe mguu ulikuwa umevimba. Akabaki baba mkwe peke yake.

Hapa vijana mtulie kidogo. Kwetu enzi zile mke na baba mkwe walikuwa hawatazamani. Humwangalii usoni, hutamki jina lake, hupiti njia aliyosimama. Kula anakuona ndiyo usiseme. Ukivunja, baba yako mzazi anatoa ng'ombe kusafisha kosa, na unasemwa milima yote.

Siyo chuki, msije mkaelewa vibaya. Ndiyo heshima yenyewe. Na yeye alikuwa ananikwepa mimi vilevile.

Basi tukasafiri hivyo kwa miguu. Yeye mbele kabisa, mimi nyuma na kikapu changu kichwani, naona mgongo na kofia tu. Akitaka kuniambia kitu anaiambia fimbo yake kwa sauti. "Fimbo, mbele kuna mto, maji yamejaa, tupite juu." Nami nasikia.

Jioni tulipofikia kwa watu, yeye aliwekwa nyumba moja na mimi nyingine, nikala vizuri. Ila asubuhi tuliondoka mapema na njia ya huko inapita mahali peupe, mgongo wake ulikuwa machoni pangu muda wote. Viazi vilikuwemo kikapuni na nilishindwa kuvitoa. Angegeuka je?

Na nilikuwa na mimba changa. Wanawake humu mnaelewa njaa ya mimba.

Tunafika Tunduma sijala kitu tangu jana jioni. Lori lilikuwa limeshaegeshwa, linasubiri jua lipoe kidogo liondoke, na mbele yangu kuna safari ndefu sijui nitakula wapi tena. Nisipokula pale naweza kuanguka njiani. Nikila mbele yake nimemtia baba yangu hasara, na ndoa yangu imeanza na doa.

Msifikirie Tunduma hii ya foleni ya malori. Ila kwa sisi wa milimani ulikuwa mji. Barabara ya vumbi, watu wa kwenda na kurudi migodini, wenye baiskeli mpya na mablanketi, na kandokando hoteli zimefuatana. Hoteli za kula, siyo za kulala. Kila mwenye hoteli anaita watu kwa Kiswahili na Kibemba mchanganyiko.

Nikamwona baba mkwe amesimama, akaiambia fimbo, "Fimbo, hapa watu wanakula." Halafu akapotelea kwenye watu. Nikajua ananipa nafasi.

Nikaingia ya kwanza, ya mtu wa pwani, harufu ya pilau imenivuta kama ng'ombe wa kamba. Naketi tu, nikasikia kikohozi pembeni. Kikohozi kile nilikijua kuliko sauti ya mama yangu.

Nikafunika uso na kaniki, nikatoka mbio. Mlango ulikuwa mmoja tu, nikapishana na mtu aliyebeba chai, mnajua wenyewe ilikwenda wapi.

Nilipomaliza kumfuta mwenye chai nikaenda ya pili, ile kubwa yenye bati. Nachungulia, mgongo ule. Kumbe na yeye alitoka haraka ile ya kwanza aniachie mimi, akakimbilia hii. Akakohoa, akaacha kikombe mezani kinatoa moshi, akatoka kwa kupitia dirishani. Mzee mzima, wakuu. Nami sikujua nicheke au nilie, kila mmoja anamwachia mwenzake na wote hatujala.

Nikasimama barabarani machozi yananitoka. Njaa, aibu, na dereva wa lori ameanza kupiga honi.

Ya mwisho mtaa ule ilikuwa kibanda cha nyasi cha mama mmoja Mnamwanga, Mama Nambela, siku hizi mngemwita mama ntilie. Hakuna aliyekuwa anapigania kuingia pale, moshi mtupu. Aliniona akanisalimu, "Mwapoleni mukwai. Mwanangu, unamkimbia nani?"

Nikamwambia, "Baba mkwe."

Hakuuliza la pili. Akanishika mkono akanizungusha nyuma, kwa mlango wa jikoni, akaniketisha karibu na mafiga. "Mimi nimejenga milango miwili kwa ajili ya watu kama nyie. Hawa wa bati hawajui wanamlisha nani."

Akanipa ugali wa ulezi na samaki mkavu wa Rukwa kwa maharage. Nilikula nikasikia mwili unanirudia. Sijala chakula kama kile, na Jumapili nimekula bata wa Mchina.

Nilipokuwa nanawa nikamwuliza kama amemwona mzee yeyote.

"Yuko hapo mlango wa mbele tangu umekaa," akasema. "Ameketi kwenye kigoda, ametazama barabara, anazuia wateja wangu. Ameniambia mtu asiingie mpaka mtoto ashibe. Nimempelekea chakula, amekataa kukigusa kwanza."

Nililia tena, ila kilio kingine.

Kwenye lori nilipanda nyuma na akina mama. Yeye akasimama upande wa pili wa gurudumu, akasema, "Fimbo, mtoto ameshiba?"

Mimi nikakiambia kikapu changu, "Kikapu, tumeshiba sana."

Uso wake sikuwahi kuutazama vizuri mpaka anafariki. Ninachokijua ni kikohozi na mgongo.

Sasa turudi Dar. Milango miwili ilipatikana, mgahawa wa tatu. Tukawekwa meza ya duara inayozunguka na chakula juu yake, kila mtu anamtazama mwenzake. Mkwe wangu alikuwa amekaa ana kwa ana na mzee wangu, ambaye kwake ndiye baba mkwe. Mkwe ameinua kijiko, nikaona mzee ananyanyuka taratibu, anageuza kiti chake, anatazama barabara.

Mkwe akashtuka. "Mama, baba amechukia?"

Nikautazama mgongo ule. Wa baba yake kabisa, mpaka kofia.

Nikamwambia, "Hapana mwanangu. Kula ushibe."

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, AC ni nzuri na parking ni nzuri. Lakini kabla hujaingia, mwangalie unayekwenda naye, je, humo ataweza kula kwa amani? Wa Ileje, Mbozi na Momba mliopo humu, kwenu mkwe anakula wapi siku hizi? Nijibuni polepole, nasoma kwa miwani.